Kichwa Kikipigwa, Nani Atahesabu Siku?

Ndugu wafanyakazi, na nyinyi wamama mnaosoma ukurasa huu nyumbani, safari hii hatusemi juu ya vumbi la mawe wala juu ya kuchemsha maji ya kunywa. Tunasema juu ya kichwa. Na ili tuseme vizuri, nitawapeleka mbali kidogo, katika inchi ya Australia, pahali watu wanapocheza mpira wa namna yao wenyewe.

Najua wengine watasema: msaidizi wa munganga ameishiwa maneno, sasa anatuletea michezo ya watu wengine. Wangoje kidogo. Watu wa Australia ni wachimbaji kama sisi. Mji wa Kalgoorlie ulizaliwa na zahabu, mji wa Broken Hill ulizaliwa na risasi, zinki na feza, na katika miji yote miwili mpira huo unachezwa na watu wa migodi na watoto wao. Hata hapa Katanga, kampani inayochimba shaba ya Kinsevere ina ofisi zake Melbourne, mji ambamo mpira huo ulianza. Basi si watu wa mbali sana. Na jambo wanalogombania kule sasa, juu ya wachezaji wao, ni jambo lile lile linaloletwa dispanseri kwetu na mtu aliyegongwa na jiwe, kaske ingali kichwani, anayesema hana kitu.

Kwanza mpira wenyewe. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859, miaka minne mbele ya Waingereza kuandika kanuni za mpira wa miguu tunaoujua sisi. Chama kikubwa kinachousimamia kinaitwa AFL. Kila ekipe inaweka watu 18 kiwanjani, na kiwanja kina umbo la yai. Wanapiga mpira kwa mguu, wanaupiga kwa ngumi kumpelekea mwenzao, wanaruka juu kuudaka hata kupanda mabegani mwa adui. Mchezaji anaweza kukimbia kilometa 12 na zaidi katika mchezo mmoja. Kukamatana na kuangushana kumo ndani ya kanuni, na hakuna anayevaa kofia ngumu. Siku ya mchezo wa mwisho wa mwaka, ambayo kwa desturi ni siku ya posho ya mwisho ya mwezi wa 9, kiwanja kikubwa cha Melbourne kinajaa watu karibu 100 000. Ni mchezo mzuri. Mimi sisemi uachwe.

Lakini vichwa vinapigwa. Kwa goti la mtu anayeruka, kwa bega, kwa kiwiko, kwa udongo wenyewe mtu anapoanguka. Na kichwa kikipigwa, kinachoumia si kile tunachokiona.

Twaa yai bichi, ulitikise kwa nguvu karibu na sikio lako. Ganda halipasuki. Ukilipasua nyuma yake, utaona kiini kimevurugika. Ubongo wetu ni laini, umelala ndani ya maji katika mfupa wa kichwa. Kichwa kikisimamishwa ghafula ao kikizungushwa ghafula, ubongo unaendelea na mwendo wake, unavutwa, unapindwa, na nyuzi zake nyembamba zinavutika. Mfupa hauna ufa. Damu haitoki. Mara nyingi hata picha ya lopitali haionyeshi kitu. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Mtu anaumwa kichwa, anaona kizunguzungu, mwangaza unamsumbua, anauliza neno moja mara tatu, anajibu pole pole, anasahau alichokuwa anafanya. Pengine yote yanatokea mara moja, pengine nyuma ya saa nyingi.

Wengi wanafikiri kwamba asiyezimia hana mtikisiko. Si kweli. Katika watu kumi wanaopata mtikisiko michezoni, karibu tisa hawazimii hata kidogo. Wanasimama, wanapangusa magoti, wanaendelea kucheza. Hao ndio wa kuogopa, kwa sababu hakuna anayewasimamisha.

Na kofia? Ndugu, hapa nisikilizeni vizuri. Angus Brayshaw alikuwa mchezaji wa ekipe ya Melbourne. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kupata mitikisiko zamani, alizoea kuvaa kofia laini ya kukinga kichwa. Tarehe 7 mwezi wa 9 mwaka 2023, akicheza na Collingwood, alipiga mpira, na adui mmoja akaruka mbele yake kuuzuia. Yule alipokuwa anashuka, bega lake likampiga Brayshaw kichwani. Akaanguka bila fahamu, akatolewa kiwanjani juu ya gari la waganga. Mwezi wa 2 mwaka 2024, nyuma ya picha nyingine za ubongo, waganga wakamshauri aache, akaacha mpira kabisa. Alikuwa na miaka 28. Kofia ilikuwa kichwani siku hiyo.

Kofia laini inazuia ngozi kupasuka. Kaske yetu ni bora kuliko kofia hiyo, kwani inazuia jiwe lisivunje mfupa, na mimi nitaendelea kuwagombeza wanaoivua chini ya udongo. Lakini hakuna kaske inayoshika ubongo usitembee ndani. Kaske inalinda ganda la yai. Mtu akipigwa na kaske yake ikapasuka, asifurahi tu kwamba kaske imemwokoa. Ajiulize nguvu iliyopasua kaske ilikwenda wapi.

Adui aliyempiga Brayshaw alipelekwa mbele ya baraza la nidhamu, na baraza lilisema hana kosa: aliruka kuzuia mpira, hakuruka kupiga mtu. Watu wa kule waligombana sana juu ya neno hilo. Lakini AFL haikubaki pale. Kwa mwaka uliofuata ilibadilisha kanuni, ili mtu anayeruka kuzuia mpira ajue kwamba anapashwa kufikiri mapema atamwangukia nani, na pigo la kichwa lihesabiwe kuwa uzembe kama hakufanya yote awezayo kuliepuka. Mwezi wa 3 mwaka 2024, mchezaji mmoja wa St Kilda aliyempiga mwenzake kichwani kwa bega alifungiwa michezo 7. Hilo napenda. Huku kwetu, nyuma ya ajali, kitu cha kwanza kinachotafutwa ni mwenye kosa. Asipopatikana, karatasi inafungwa. Wale walisema: hakuna mwenye kosa, hata hivyo kanuni haikutosha, tuibadilishe.

Sasa tufike kwenye siku za kupumzika, maana ndiyo sababu ya kuandika kwangu.

Zamani kule Australia mchezaji aliyepigwa kichwani aliinuliwa, akamwagiwa maji, akaulizwa siku gani leo, akarudishwa kiwanjani. Alisifiwa kuwa mwanaume. Leo mambo si hayo. Mbele ya michezo ya mwaka kuanza, mchezaji anapimwa akiwa mzima: akumbuke orodha ya maneno, ataje miezi ya mwaka kwa kuanzia mwisho, asimame kwa mguu mmoja macho yamefungwa. Majibu yake yanaandikwa. Siku akipigwa, munganga anatazama pigo lile upya kwenye televisheni pembeni ya kiwanja. Akiona mchezaji amelala bila kujisogeza, ao anayumba kama mlevi, ao macho yake hayamtazami mtu, anamtoa, na siku hiyo harudi. Kama kuna mashaka tu, anampeleka ndani pahali pa ukimya na kumpima upya, kazi ya dakika 10 ao 15 na zaidi, akilinganisha na majibu ya wakati ule wa uzima. Tangu mwaka 2021, aliyekutwa na mtikisiko hawezi kurudi mchezoni mbele ya siku 12 kupita. Mwaka huo huo waliongeza mchezaji wa akiba, ili ekipe isiogope kubaki na mtu mmoja pungufu ikimtoa aliyeumia.

Siku 12 ni afadhali kuliko kumwagiwa maji. Lakini ndugu, tazameni hili. Mwezi wa 2 mwaka 2024, Taasisi ya Michezo ya Australia ilitoa shauri kwa watoto na kwa watu wazima wanaocheza bila mshahara: asirudi katika mchezo wa kugongana mbele ya siku 21, na katika hizo kuwe na siku 14 ambazo hasikii dalili yoyote mbele ya kuanza tena mazoezi ya kugongana. AFL ilikubali siku 21 kwa ekipe za vijiji na mitaa. Kwa wachezaji wake wakubwa wanaolipwa, ikabaki na 12.

Je, ubongo wa mtu anayelipwa unapona upesi kuliko ubongo wa mwalimu wa shule anayecheza siku ya posho?

Jibu lao ni hili: mchezaji mkubwa anaangaliwa kila siku na waganga wenye ujuzi, na siku 12 ni kiasi cha chini, asiyepona anangoja zaidi. Jibu hilo lina ukweli wa nusu. Ni kweli kwamba munganga anayemwona mtu kila asubuhi anaweza kugundua mambo ambayo kocha wa kijiji hatayaona. Ni kweli vilevile kwamba watu wazima wengi wanaacha kusikia dalili katika siku 10 mpaka 14. Lakini kidonda hakiponi upesi kwa kuwa kinatazamwa na waganga watatu. Utafiti umeonyesha kwamba mtu anaweza kujisikia mzima wakati ubongo wake bado haujamaliza kazi ya kujitengeneza. Umeonyesha vilevile kwamba wachezaji waliorudi nyuma ya mtikisiko wanaumia miguu na magoti zaidi kuliko wenzao, hata wakiwa wamesema wamepona. Mguu unachelewa kwa kitambo kidogo sana, na kitambo hicho kinatosha.

Mimi naona siku 12 zimetoka katika kalenda ya michezo. Ekipe zinacheza mara moja kwa juma. Siku 12 maana yake, mara nyingi, mtu anakosa mchezo mmoja, anarudi katika ule unaofuata. Siku 21 maana yake anakosa michezo miwili ao mitatu, na tikiti zimeuzwa, na televisheni imelipa. Pahali kazi ina bei kubwa, siku za kupumzika zinakuwa chache. Hiyo si desturi ya Australia peke yake.

Na bei ya baadaye ni nani anayeilipa? Graham Farmer, waliyemwita Polly, alikuwa mmoja wa wachezaji wakubwa kuliko wote wa mpira huo. Barabara kubwa ya mji wa Perth inaitwa kwa jina lake. Alikufa mwezi wa 8 mwaka 2019 akiwa na miaka 84. Ubongo wake ulipochunguzwa, ulikutwa na ugonjwa unaoitwa kwa kifupi CTE, akawa wa kwanza kukutwa nao kati ya wachezaji wa mpira huo. Ni ugonjwa unaohusiana na mapigo ya kichwa yanayorudia kwa miaka mingi. Utomvu mbaya unajikusanya ndani ya ubongo, na wenye ugonjwa huo mara nyingi walionekana kusahau, kuwa na hasira isiyo na sababu, kuvunjika moyo. Unathibitishwa tu nyuma ya kifo, kwa kukata ubongo na kuutazama kwa darubini. Danny Frawley, aliyekuwa kapiteni wa St Kilda, alikufa katika ajali ya gari mwaka 2019 akiwa na miaka 56. Ubongo wake ulikuwa nao. Shane Tuck wa Richmond alikufa mwaka 2020 na miaka 38. Yeye alikuwa nao kwa kiasi kikubwa sana. Lazima niseme kwamba Tuck alipigana ngumi pia nyuma ya kuacha mpira. Kisha Heather Anderson, aliyeshinda kombe la kwanza la wanawake la mpira huo na ekipe ya Adelaide mwaka 2017, na aliyekuwa msaidizi wa waganga katika jeshi. Alikufa mwaka 2022. Alikuwa na miaka 28 tu.

Mwaka 2018 waganga wa Sydney walianzisha pahali pa kuweka na kuchunguza ubongo wa wanamichezo ambao wao ao jamaa zao wamekubali kuutoa. Mwaka 2022 waliandika kwamba katika ubongo 21 wa kwanza, 12 ulikuwa na CTE. Hesabu hiyo tusiisome vibaya. Wanaotoa ubongo wa ndugu yao mara nyingi ni wale waliokwisha kuona kwamba ndugu hakuwa sawa, kwa hiyo haina maana kwamba nusu ya wachezaji wote wataugua. Maana yake ni kwamba ugonjwa uko, na kwamba mtu hauhitaji pigo moja kubwa ili aupate. Mapigo madogo, yale yasiyotoa mtu kiwanjani, yanahesabiwa pia. Ndiyo sababu hakimu anayechunguza vifo katika jimbo la Victoria, alipomaliza mambo ya Tuck mwaka 2023, alishauri AFL ipunguze siku za mazoezi ya kugongana, na iweke siku ya mchezo waganga wasio wa ekipe wa kusaidia kupima vichwa. Mwaka huo huo Senati ya Australia ilitoa ripoti yake juu ya mitikisiko michezoni, na wachezaji wa zamani walipeleka AFL mbele ya mahakama.

Waganga wasio wa ekipe. Shauri hilo ndilo lililonishika kuliko yote. Munganga wa ekipe anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa. Lakini analipwa na ekipe, anakula na kocha, anajua mchezo wa juma lijalo ni mkubwa. Na mchezaji mwenyewe ndiye wa mwisho kuaminiwa, kwa sababu chombo anachojipimia ndicho kilichoumia. Hata hivyo wako wanaoweza. Tarehe 30 mwezi wa 9 mwaka 2023, katika mchezo wa mwisho wa mwaka, Nathan Murphy, mlinzi wa Collingwood, alipigwa kichwani katika robo ya kwanza. Watu karibu 100 000 wanatazama, kombe liko pale. Alisema mwenyewe kwamba hajisikii sawa, akatolewa, hakurudi. Ekipe yake ilishinda kwa pointi 4 bila yeye kiwanjani. Mwaka 2024, nyuma ya ushauri wa waganga, aliacha mpira, ana miaka 24. Mimi sijui neno gumu zaidi kwa kijana kulisema siku ya namna ile.

Sasa turudi kwetu. Ni nani chini ya udongo anaweza kusema neno hilo?

Jiwe dogo linaanguka, linagonga kaske. Ao mtu anainuka upesi anagonga boriti. Ao anateleza kwenye ngazi. Ao lori linaingia shimoni na dereva anagonga paa la kabine. Kapita anakuja: «Uko sawa?» Jibu liko tayari: «Niko sawa, shefu.» Kapita anafurahi, na yule mwingine anafurahi, na kazi inaendelea. Kapita si mtu mbaya. Lakini anahesabu tani za poste yake kama kocha anavyohesabu pointi. Na mfanyakazi anahesabu primu ya mwezi, na pesa za shule za watoto.

Kuna kitu kingine, nitakisema ijapokuwa wengine hawatapenda. Mnajua ubao ulioko kwenye mlango wa kuingilia, ule unaoandikwa siku ngapi zimepita bila ajali. Ubao huo uliwekwa kwa nia nzuri. Lakini nimesikia zaidi ya mara moja, kutoka kwa watu waliofika dispanseri siku tatu nyuma ya pigo, kwamba wenzao waliwaomba wangoje: ubao unakaribia siku mia, usituharibie. Mguu uliovunjika hauwezi kungoja, utaonekana tu. Kichwa kinaweza kungoja, kwa hiyo kinangojeshwa. Tunahesabu siku za ubao, na siku za kichwa hakuna anayezihesabu. Na mtu huyo, ambaye mguu wake unachelewa kwa kitambo kidogo, anarudi kushika mashine ya kutoboa mawe karibu na wenzake.

Mawazo yangu ni haya, na nimeyaandikia Kamati ya Usalama. Kila pigo la kichwa, hata lisilotoa damu, mtu apandishwe juu poste ile ile na apimwe dispanseri. Uamuzi wa kumrudisha usiwe wa kapita wake wala wake mwenyewe. Akikutwa na mtikisiko, asishuke chini ya udongo wala asiendeshe mashine siku 14 kamili, na zaidi kama dalili bado ziko. Nyuma ya siku mbili za utulivu anaweza kutembea, na kidogo kidogo kupewa kazi nyepesi juu: stoo, karatasi, kuhesabu taa. Kumfungia mtu gizani juma nzima si dawa tena. Mshahara na primu visiguswe, kwa sababu mkiigusa primu mtasikia tena «niko sawa, shefu». Na mapigo ya kichwa yaandikwe katika kitabu chake cha pekee, pasipo kufuta ubao. Nitapenda zaidi kitabu kilichojaa na vichwa vizima.

Watu wa hesabu watauliza bei. Siku 14 za mfanyakazi mmoja zinajulikana bei yake. Bei ya mashine iliyoshikwa vibaya na mtu mwenye kizunguzungu, waniambie wao.

Juu ya watoto wa kambi, wanaocheza mpira siku ya Mungu nyuma ya misa: ubongo wa mtoto unachelewa kupona kuliko wa mtu mzima, unaweza kuchukua juma nne. Na pigo la pili mbele ya kupona, ijapokuwa ni jambo linalotokea kwa nadra, limekwisha kuua vijana. Makocha wetu wa kambi, nawaomba mshike siku 21 za wale wa Australia. Mtoto akigongana kichwa na mwenzake akayumba, mchezo wake wa siku hiyo umekwisha, hata kama ndiye mfungaji wenu na mnacheza na kambi la jirani.

Wamama, sehemu inayobaki ni yenu, maana bwana akirudi nyumbani mimi simwoni tena. Usiku wa kwanza asibaki peke yake. Kulala si kosa, mwache alale. Lakini mtu mzima awe karibu, na amwamshe mara moja moja aone kama anajibu vizuri. Asinywe pombe, wala Simba wala Tembo wala lutuku, hata kama marafiki wamekuja kumpa pole. Asimeze aspirini, kwani inaweza kuongeza kutoka damu ndani, paracetamol inatosha. Asiendeshe pikipiki wala gari. Akitapika tena na tena, maumivu ya kichwa yakizidi, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko ya pili, mkono ao mguu ukilegea, maneno yakichanganyika, akitetemeka kama mtu wa kifafa, maji meupe ao damu ikitoka sikioni ao puani, ao mkishindwa kumwamsha: lopitali saa ile ile, msingoje asubuhi, msianze na dawa za nyumbani.

Kisha, katika majuma yanayofuata, tazameni tabia. Mtu mpole anayekasirikia kelele za watoto, anayesahau alikoweka jeton yake, anayekaa gizani kwa kuwa taa inamuumiza, asiyelala. Bibi anayaona hayo mbele ya munganga yeyote. Njoo nayo dispanseri, uje wewe mwenyewe kama yeye hataki kuja, tutasikiliza. Mlango uko wazi usiku na mchana, poste zote tatu. Jibu la Kamati likifika, litaandikwa katika ukurasa huu, liwe la kukubali ao la kukataa.